Muulize Mama Hakimu: Nusu kwa nusu ni ya nani?

Barua za mwezi huu zimekuja kana kwamba waandishi wake walikaa kikao kwanza. Karibu zote zinauliza habari za mali ya ndoa, na kadhaa zimenukuu ujumbe mmoja uliozagaa kwenye makundi ya WhatsApp: "Mahakama ya Juu imeamua, mke hapati tena nusu." Ujumbe hausemi ni mahakama ya nchi gani wala kesi ya nani. Nimeamua kuzijibu pamoja. Wasomaji wa Zanzibar wanisamehe mapema: ninachoeleza hapa ni Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haivuki bahari. Kwenu mambo haya yana Mahakama ya Kadhi.

Shikamoo Mama Hakimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kihonda, Morogoro. Niliolewa 2006 kwa ndoa ya Kiislamu. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma na Lubumbashi, akiondoka anamaliza wiki tatu. Nyumba tumejenga tukiwa wote, ila hati ina jina lake peke yake. Sijawahi kuajiriwa. Asubuhi nauza chapati na maharage, jioni nalea. Sasa ana mwanamke mwingine, na ananionyesha ule ujumbe wa WhatsApp, eti nikidai talaka nitatoka na begi langu tu. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Si kweli. Na huyo bwana angeisoma hukumu yenyewe badala ya ujumbe, asingekuonyesha.

Hukumu inayozungumzwa ni ya Mahakama ya Juu ya Kenya, Ogentoto dhidi ya Ogentoto, iliyotolewa tarehe 27 Januari 2023. Ubishi ulikuwa juu ya Ibara ya 45(3) ya Katiba yao ya 2010, inayosema wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa na wanapoachana. Je, haki sawa maana yake ni kukata mali katikati kama mkate? Majaji walisema hapana. Ibara hiyo haimpi mtu nusu kwa sababu tu aliolewa au alioa. Kila mmoja aonyeshe mchango wake, na kila kesi iamuliwe kwa mambo yake yenyewe.

Waliotunga ujumbe waliishia hapo kusoma. Wangefika ukurasa wa mwisho wangekuta rufaa ya mume imetupwa na mke amebaki na nusu yake, kama Mahakama ya Rufani ya huko ilivyokuwa imempa. Alibaki nayo kwa kuwa alithibitisha mchango wake: alikuwa na kazi, na alikopa. Jambo lingine ambalo watu hawalisemi ni kwamba kesi ile ilifunguliwa kabla ya Kenya kutunga Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, hivyo msingi wake ulikuwa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882. Ndiyo, 1882.

Hukumu ya Kenya haimfungi hakimu wa Morogoro. Wakili anaweza kuitaja ili kumshawishi, basi. Inayomfunga ni ya kwetu, tena ya zamani: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983.

Kabla ya hukumu hiyo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa na wanandoa "kwa juhudi za pamoja". Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, si juhudi ya kuchuma, kwa hiyo asiye na mshahara hana chake. Wengine walisema mume hawezi kulala, kula, kwenda kazini na kurudi akakuta watoto wako hai bila mtu wa kufanya hayo. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaumaliza ubishi: kazi za nyumbani ni mchango. Huo ndio msimamo hadi leo, na mumeo hawezi kuufuta kwa simu yake.

Lakini nisikupe nusu ya habari, maana ndilo kosa ninalolilalamikia. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Ilionekana mumewe alikuwa amempa fedha za kuendeshea mradi wa familia, naye akazitapanya, basi mahakama ikasema sehemu yake alishaichukua. Wanawake wa nchi nzima wanakula matunda ya kesi ambayo mwenye kesi alitoka mikono mitupu. Sasa iweke hukumu hiyo kando ya ile ya Kenya. Bi Hawa alishinda hoja akakosa mali. Mama wa Kenya alikataliwa hoja ya nusu ya moja kwa moja, akaondoka na nusu. Kote kuwili kilichoamua ni ushahidi wa nani alifanya nini. Mahakama yetu ya Rufani ililirudia jambo hili mwaka 2020: kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Usipouleta, usimlaumu jaji.

Basi tuzungumze ushahidi, kwa sababu hakimu hakuwahi kuingia jikoni kwako. Nilikaa kwenye kile kiti Mahakama ya Mwanzo, nawaambia ninachokijua: wanawake walikuwa wanakuja na machozi na historia ndefu ya visa, wanaume wanakuja na karatasi. Wewe njoo na karatasi. Mumeo akiwa Lubumbashi, nani alisimamia ujenzi? Fundi aliyechukua ujira wake mkononi mwako ni shahidi. Mwenye duka la vifaa aliyekukopesha saruji ni shahidi. Daftari la kikoba linaloonyesha ulikopa mwezi ule mliopaua ni kielelezo. Na ule ujumbe wake wa simu, "nimetuma laki tatu, nunua mabati, mwambie fundi aanze", usiufute hata kama simu imejaa. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeweka utaratibu wake. Chapati nazo zisikuaibishe. Kama ndizo zilizolisha watoto huku mshahara wake ukienda kwenye tofali, hiyo ni hesabu inayoeleweka, itaje.

Jina kwenye hati halimalizi mjadala. Mahakama itatazama mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyoingia kwa faida yenu nyote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hayo kifungu kinaiagiza mahakama ielekee kwenye usawa. Angalia neno hilo: ielekee. Nusu haijaahidiwa, lakini ndiko dira inakoelekezwa, na anayetaka kuipinda alete sababu.

La mwisho kwako ni la utaratibu. Huwezi kufungua kesi ya kugawana mali huku ndoa ikiwa hai. Mgawanyo huja pamoja na amri ya talaka au ya kutengana, au baada yake. Wakati unajipanga, ukisikia anataka kuuza nyumba, ujue kifungu cha 59 kinamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Hilo usisubiri talaka.

Mimi ni mfanyabiashara Kahama. Nyumba yangu niliijenga nikiwa kapera, miaka minne kabla ya kuoa. Mke wangu alikuta nyumba ya vyumba vitatu. Baadaye kwa hela zake za duka akaongeza vyumba vinne vya kupangisha uani, ukuta na kisima. Ndoa inayumba. Hiyo nyumba si ilikuwa yangu? Na je, nikiiandikisha kwa jina la mdogo wangu sasa hivi, kuna ubaya?

Ilikuwa yako, umesema mwenyewe, wakati uliopita. Kifungu kilekile cha 114 kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa imeboreshwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au na wote wawili. Kubadilisha kitasa hakutoshi. Vyumba vinne vya kupangisha, ukuta na kisima, sidhani kuna hakimu ataviita kitasa. Haimaanishi atapewa nyumba yote. Wewe una kiwanja na vyumba vitatu vya awali, navyo vitahesabiwa kwako. Tunza kibali chako cha ujenzi na hati ya mauziano yenye tarehe ya kabla ya ndoa, vitakusaidia kuliko kelele.

Kuhusu mdogo wako: usijaribu. Kwanza ridhaa ya mkeo inahitajika, kama nilivyomweleza mama wa Morogoro. Pili, mahakama ina uwezo wa kutengua uhamisho uliofanywa ili kumkwepesha mwenzio haki yake. Tatu, na hili si la sheria, nimeona wadogo wengi walioandikishwa nyumba "kwa muda" wakakataa kurudisha. Hapo unakuwa na kesi mbili, na ya pili ni ya damu yako.

Dada yenu wa Mbagala. Nimeishi na mwanaume miaka saba, tuna mtoto mmoja. Kiwanja Chanika tulinunua kwa hela ya saluni yangu na ya kwake, hati ya mauziano ina majina yetu wote. Mwezi uliopita nimegundua ana mke wa ndoa ya kanisani Moshi, hawajaachana. Shoga zangu wananiambia nisijali, ukikaa na mtu miezi sita wewe ni mke halali. Nina haki gani?

Pole, mdogo wangu. Hiyo miezi sita sijui ilianzia wapi, naisikia tangu nikiwa karani. Sheria inasema miaka miwili, kifungu cha 160. Tena miaka yenyewe haitoshi: lazima muwe mmeishi kwa namna ambayo watu wanaowazunguka waliwajua kama mume na mke. Hapo ndipo mahakama inadhania kwamba mlioana, na dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi.

Yako itavunjwa, nisikufiche. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na ikiwa hai mume hana uwezo wa kuoa mwingine. Yule wa Moshi akileta cheti chake, dhana ya ndoa yako imeanguka.

Watu wengi, na mawakili wamo, huishia hapo na kumwambia mwanamke akafunge virago. Wasome sehemu ya pili ya kifungu hichohicho. Dhana ikivunjwa, mwanamke aliyeishi na mwanaume kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi bado anaweza kuomba matunzo yake na ya mtoto, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine ambazo ingezitoa wakati wa kuvunja ndoa, ikiwemo nani akae na mtoto. Kwa hiyo mlango wa kwenda mahakamani umefunguliwa na sheria yenyewe, sio huruma ya hakimu.

Kiwanja cha Chanika nacho kina njia yake. Majina mawili kwenye hati ya mauziano ni umiliki, uwe mke au usiwe. Hapa nitaivuka tena mipaka kwa sababu kuna hukumu nyingine ya Kenya ambayo haikupata umaarufu iliostahili, ya siku ileile ya 27 Januari 2023, wahusika wakitajwa kwa herufi tu: MNK dhidi ya POM. Waliishi pamoja miaka mingi, mali ikapatikana, wakakorofishana. Mahakama ya Rufani ya huko iliona ndoa na kugawa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ikasema hapana, dhana ya ndoa ni jambo la kutumiwa kwa nadra na ushahidi hapa hautoshi. Lakini haikumfukuza yeyote mikono mitupu: ilitazama nani alitoa nini kwenye mali ile, ikampa mwanamke asilimia 70 na mwanaume asilimia 30. Kumbe kukosekana kwa ndoa kulimpa mwanamke zaidi ya ambavyo ndoa ilikuwa imempa! Haitufungi, nakumbusha. Ila ukipata wakili msomaji, mwambie aitafute.

Chukua nakala ya hati ya mauziano leo, iache kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba mnayoishi. Kisha nenda kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe. Huhitaji kulipa ili kuelezwa pa kuanzia.

Mimi ni mzee wa Pangani. Mkwe wangu amemwandikia binti yangu talaka kwa ujumbe wa simu, akamfungashia vitu vyake. Binti ameenda moja kwa moja mahakamani kudai mali, karani akamrudisha. Karani ana haki hiyo?

Shikamoo baba. Karani amemwokoa binti yako, japo inawezekana hakumweleza vizuri.

Kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani, mgogoro lazima upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa Waislamu inaweza kuwa baraza la BAKWATA, au baraza la kata. Talaka iliyotamkwa au kuandikwa kwa mujibu wa dini ina uzito wake, kwani kifungu cha 107 kinaitambua kama sababu ya mahakama kuvunja ndoa. Lakini haina uzito huo kama Baraza limerukwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikiwa Mtwara ilikutana na shauri la namna hii ambalo halikupita Baraza ipasavyo. Shauri lilikuwa limeshapanda ngazi zote, na mwenendo wake ukafutwa. Fikiria gharama hiyo.

Basi aanze Baraza. Ahakikishe hati anayopewa inasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, maana barua ya "tunamleta kwenu mhusika" si hati. Na ule ujumbe wa talaka asiufute.

Nasoma chuo Dodoma. Mwalimu wetu alisema kuoa binti wa miaka 15 kulishapigwa marufuku na mahakama. Mbona kijijini kwetu bado watu wanaonyeshana kifungu kwenye kitabu cha sheria?

Wote wako sahihi, na hiyo ndiyo aibu. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi huku mvulana akisubiri 18. Julai 2016 akashinda: vifungu vinakiuka Katiba, Serikali ipewe mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita, na mingine baada yake, Bunge likapitisha sheria nyingi, hii haikuguswa. Hoja iliyokuwa ikitolewa ni kwamba wadau wanatafutiwa maoni zaidi. Mimi nilidhani mahakama ya juu kabisa ya nchi ikishasema, maoni yamekwisha.

Kijijini kwako waambie hivi: kama binti ni mwanafunzi wa msingi au sekondari, hata hatuhitaji kubishana juu ya kifungu cha 13. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yamefanya kumwoa au kumwoza mwanafunzi kuwa jinai, kifungo chake hadi miaka 30.

Nilikuwa na shauri la talaka Mahakama ya Wilaya, Sumbawanga. Hukumu imetoka, nimeshindwa upande wa mali. Nakala wamenipa ya Kiingereza, sielewi hata pa kulalamikia. Nimsubiri mjomba wangu arudi Mbeya anisomee? Atakuja mwezi ujao.

Usimsubiri mjomba. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama tangu marekebisho ya 2021, na Kiingereza kinabaki pale tu haki inapokihitaji. Andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi, uombe tafsiri ya hukumu, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa masjala.

Ila barua ya tafsiri haisimamishi saa. Rufaa ya shauri la ndoa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, zinazohesabiwa tangu siku ya hukumu, si siku uliyoielewa. Na huhitaji kusafiri kwenda kuifungua: inapelekwa palepale kwenye mahakama iliyokuhukumu, nayo ndiyo inayoipeleka mbele. Hujaniandikia tarehe ya hukumu. Itazame ukurasa wa mwisho, juu ya sahihi ya hakimu, uhesabu usiku huu, kesho asubuhi uwe masjala.